Damu ya Watu Watano

Jumatatu, 4 Machi 1996
Nimejitoa damu tena, mkono wa kushoto. Nimeigandisha kwenye vichupa viwili, kimoja nikakitia ile dawa tuliyoitoa kwenye sumu ya nyoka, moma. Bonge lenye dawa likayeyuka upesi. Lile jingine likakaa gumu hadi jioni. Kila nikirudia, hivyo hivyo. Raha iliyoje! Sina wa kumwambia.

Jumatano, 6 Machi
Daktari mkuu ametazama daftari langu, akacheka. "Dada Mueni, hapa umetuthibitishia damu yako tu." Anataka watu watano, wa nje ya maabara, kufikia Ijumaa ijayo. Nikikosa, sumu iliyobaki anapewa mwingine. Na kazi yangu ya miaka miwili basi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekaa na kalamu niandike majina matano. Nimepata mawili. Mmoja alihamia Mombasa. Wa pili anameza dawa za moyo, hafai. Nimeishi mtaa huu wa Jericho miaka kumi na moja. Aibu tupu.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani, wakati wa matangazo, nikasimama. Nikasema nahitaji damu, watu watano, tafadhali. Habari za maabara sikuzifikia, nikaketi. Mchungaji akasema, "Tumwombee dada yetu." Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani. Wanadhani naenda kupasuliwa! Nikainama, nikaitikia amina. Mjinga mimi.

Jumanne, 12 Machi
Nyumba ilijaa. Akina mama saba, na unga, na sukari, na maziwa. Mama Achieng wa mlango wa pili, ambaye hunipita na salamu ya "sasa" ya haraka haraka, aliniosha vyombo. "Pole, wangu. Yangu chukua hata yote." Wengine wanne wakaitikia. Watano kamili!

Nikatoa fomu za kutia sahihi. Nikashindwa kuwatazama.

Nikasema ukweli. Siumwi. Ni utafiti, dawa itokanayo na sumu ya nyoka, labda siku moja itamfaa mtu ambaye damu imemganda mguuni. Mama Achieng akadakia: "Ya nyoka? Ai! Na sisi tumekulilia tangu Jumapili?" Wakatoka mmoja mmoja. Unga wameuacha. Nadhani waliona haya kuubeba.

Ijumaa, 15 Machi
Sumu imehamia meza nyingine. Daktari hakunigombeza. Nimerudi mapema, nikapika, nikala.

Nilidhani nitalilia kazi. Wapi! Ninachotamani ni ile Jumanne, kabla sijafungua mdomo.