Watu Wazima Wanapiga Kula

Mama Keza wangu,

Tangu tukuzike sijakuandikia, lakini leo lazima. Shule yako ya hapa Niboye imeingiza kwenye tableti za watoto yale masomo ya Kiswahili uliyorekodi wakati wa korona, na mwalimu mkuu alitaka kukata sauti yangu. Sauti yangu mimi, niliyeelewana na askari wa mipakani kuanzia Mombasa mpaka Lubumbashi.

Unakumbuka ile guma mu rugo, kila mtu kafungiwa kwake, lori langu limelala Masoro, na wewe umegeuza mlango wa kabati kuwa ubao. Zamani ulikuwa unawanyang'anya wanafunzi simu. Ghafla simu ndiyo ikawa darasa. Mimi nikawa mpiga picha wako, bora kuliko wote Kigali, ingawa somo la kwanza nilirekodi kidole changu tu.

Siku ya kufundisha kura na kula ukaniomba nisome sentensi moja. Nikakohoa kama waziri, nikasoma: "Watu wazima wanapiga kula, watoto wanakura chakula."

Ukacheka mpaka ukakaa chini. Nikajitetea kwamba kwa Kinyarwanda gukura ni kukua. Mtoto akishiba, si anakura? Nikakuomba tufute, turudie. Ukapangusa machozi kwa kitambaa cha chaki.

"Baba Keza, hata kosa lako lina akili. Linaenda hivyo hivyo."

Likaenda kwenye simu za wanafunzi wote. Jioni jirani akaniuliza kutoka ng'ambo ya ua kama nimeshapiga kula.

Juzi mwalimu mkuu akaniambia kwa heshima zote kwamba wewe utabaki, mimi nitolewe, watoto wasijifunze makosa. Nilitaka kumjibu kama mtu aliyetembea dunia, nikamjibu kama mumeo tu.

"Sawa, nitoeni," nikasema. "Lakini mkinitoa, yeye atakuwa anamcheka nani?"

Akasema nibaki.

Jana nilisimama kwenye dirisha la darasa kama mkaguzi. Ulipocheka, wakacheka wote, watoto ambao hawajawahi kukuona. Keza wetu hakucheka. Aliwageukia wenzake, akasema kwa maringo aliyoyarithi unajua wapi:

"Huyo ni mama. Na huyo anayekosea ni papa."

Pumzika, mwalimu wangu. Nyumbani tuko wazima, na kujisifu najisifu kwa niaba yetu wote.

Mumeo,
Baba Keza