Tairi Halipakwi Nta

Makoroboi, Mwanza
Mvua za baada ya Uhuru

Dada Mwajuma,

Shikamoo dada. Mimi mdogo wako Idi ni mzima wa mwili, mengine utayasikia humu humu. Hali zenu hapo Tabora? Mguu wa shemeji umepona? Na yule mwanao wa mwisho, ameacha kula udongo au bado anaumaliza ukuta wa jikoni? Baba je? Najua hayo yote umeniandikia, lakini mtu akiwa mbali hachoki kuuliza.

Kabla hujaendelea, tazama umekaa wapi. Kama uko uani na Baba yuko karibu, ikunje barua, sema Idi anasalimu, halafu uisome ukiwa peke yako. Mzee haoni, lakini masikio yake unayajua.

Umeniuliza umwambie nini. Unasema sanduku la zana keshalifunga kamba, na kila anayepita kwenda stesheni anaagizwa aulize gari la Mwanza linaondoka lini. Tena kila Ijumaa akitoka msikitini anabandika nta ya nyuki jikoni, anaiyeyusha na samli, anaichuja, anaimimina kwenye mkebe, ili asije huku mikono mitupu. Niliposoma hapo niliiweka barua chini nikatoka nje. Maana ni mimi niliyemwahidi kumleta huku. Nilimwambia, Baba, kukata ngozi na kushona nitafanya mimi, wewe kazi yako itakuwa kupaka. Kupaka hakutaki macho, kunataka mikono. Alicheka mzee! Akasema tangu mtoto wa jicho amwingie hajaambiwa neno tamu kama hilo.

Basi sikiliza yaliyonikuta.

Bwana Salehe, yule mwenye duka ambaye nilikuwa nashonea makubazi ya ngozi barazani kwake, alipewa kazi ya mikanda ya vijana wa gwaride la Uhuru. Mikanda ya kiunoni, na ile ya kukatisha kifuani, juu ya mashati meupe. Akaniita akasema, "Idi, kazi hii ikinipa sifa, baraza hili ni lenu, wewe na mzee wako. Nitamwekea kiti chenye mgongo." Mbele ya watu kasema. Nililala usiku huo namwona Baba keshaketi.

Ngozi nilizifuata mwenyewe Kisesa. Ngozi za ng'ombe wa Kisukuma, nzuri, hata alama ya kupe hazina. Nikakata, nikashona, nikatia rangi ya magome. Ikabaki kupaka. Nikafanya kama tulivyofundishwa: nta sehemu mbili, samli moja, upake ikingali moto, usugue kwa kiganja mpaka kiganja kiwake. Unakumbuka maneno yake? "Ngozi ni mgeni, ishibishe kabla hujaituma." Nilikuwa nayasema kwa sauti huku nasugua, watu wananicheka.

Sasa hapa jirani yupo mama mmoja wa Kisukuma, anauza mafuta ya mbarika, sote tunamwita Mayu Kabula. Akasimama, akaigusa mikanda, akanusa vidole. Akasema, "Wewe mtoto wa Tabora, samli hiyo si ungenipa nilie ugali? Hapa ni ziwani, na mvua ndizo hizi. Ngozi yako kwa nje kavu, ndani bado mbichi. Iache wiki nzima, halafu paka mbarika, tena kidogo."

Nikamjibu kwa kiburi, "Mayu, baba yangu amepaka ngozi tangu wewe ni msichana, na haijawahi kuoza hata moja."

"Haya," akasema. "Alipaka Tabora." Akajitwika kibuyu chake akaenda zake.

Dada, nilimwona mchawi. Nilidhani ana wivu na samli yangu. Kumbe Tabora jua lenyewe linakunywa kila kitu, ukiianika ngozi asubuhi jioni inalia kama debe. Huku unyevu hautoki. Mimi nikaichukua ngozi yenye maji ndani nikaiziba kwa nta. Siku chache kabla ya sherehe tulipofungua magunia stoo, mikanda yote imeota ukungu, myeupe kama imenyunyiziwa unga wa muhogo, na harufu ya samli iliyochacha unaisikia ukiwa barabarani. Nikafuta mmoja mmoja. Halafu nikapaka tena. Unaniuliza nilipaka nini? Nta na samli. Nipake nini kingine? Nilichofundishwa ni hicho. Ikang'aa, Bwana Salehe akapita akasema, "Ahsante fundi," na mimi mjinga nikafurahi.

Siku yenyewe mji mzima ulikuwa uwanjani. Vigelegele, ngoma, watu wamepanda mpaka kwenye majabali. Vijana wakaja, mashati meupe tupu, mikanda yangu vifuani, nikasema ewe Mola, laiti Baba angekuwepo. Wakasimamishwa juani kusikiliza hotuba. Hotuba zikawa ndefu. Jua likakaza. Kwanza niliona kijana wa mbele anajishika kifua. Halafu nikaona wote. Nta ilikuwa inayeyuka, dada. Imeyeyuka na samli, imebeba na rangi ya magome, inashuka kwenye mashati. Kila kifua kina mchirizi wa kahawia, mpana kama kiganja. Mtu nyuma yangu akapiga kelele, "Hee! Hawa wametoka machinjioni!" Watu wakaangua kicheko. Ilipofika zamu ya kutembea, yule kijana wa mbele, aliyekuwa hodari kuliko wenzake, akawa anajitazama, akapoteza hatua, na safu yote ikavurugika nyuma yake. Niliondoka kabla haijaisha. Uhuru nilioungoja kama wengine sikuuona mwisho wake.

Kesho yake wakaja mama zao barazani, na mashati mikononi. Sabuni haitoi nta, wewe mwenyewe unafua, unajua. Mmoja hakupiga kelele kama wenzake. Alinitandikia shati magotini akasema, "Siku kama ile haiji mara mbili. Mwanangu utamrudishia vipi?" Nililikunja shati nikamrudishia.

Bwana Salehe angenitukana ningepona. Hakunitukana. Alileta matairi ya lori yaliyochakaa, akayarundika pale pale ambapo kingekaa kiti cha Baba, akaniambia, "Kaa ukate katambuga. Hutaki, wapo wanaotaka." Nimekaa. Ndiyo kazi yangu sasa. Unachora mguu, unakata, unapiga misumari, basi. Tairi halinywi mafuta, halipakwi nta, halisuguliwi na kiganja cha mtu. Mvua ikilinyeshea unalikung'uta. Na watu wanayapenda, sitawasingizia, yanadumu kuliko makubazi. Hata mimi nimeyavaa hapa ninapoandika.

Mbarika niliijaribu baadaye, kwenye kipande kilichobaki, nikakiacha kwanza mpaka kikakauka hasa. Kiko hapa mbele yangu, laini, hakina doa. Mayu Kabula nilimwamkia nikamwomba radhi, akasema yamepita. Lakini nani ataniletea ngozi? Naitwa Fundi Madoa. Watoto wa Makoroboi wananiimbia.

Utasema nirudi. Nirudi nishone nini, na hapo kwenu viatu vya raba vimejaa madukani? Utasema basi aje hivyo hivyo. Aje ashike nini, dada? Atapapasa baraza lote akitafuta ngozi, akute mpira. Mimi siwezi kukaa pale nikamtazama.

Na kumwambia kweli, hapo ndipo nimekwama. Kweli yenyewe ni kwamba alinifundisha vizuri na mimi nikafanya kama alivyonifundisha. Ningeharibu kwa uvivu ningekuandikia umwambie. Kwa hiyo akibana sana, sema Idi amekuwa mvivu, amefuata starehe za mji. Akasirike. Heri anikasirikie mimi kuliko ajue ni ile samli yake. Kwa sasa mwambie mvua za Mwanza hazijakatika, si hali ya kusafiri mzee. Huo angalau si uongo.

Nisalimie shemeji, mwambie mguu asiutoneshe kwenye mpira. Nisalimie shangazi anayetutwangia mtama, na mwalimu wetu wa chuoni, aniombee dua, asiulize ya nini. Wanao wabusu wote. Mayu Kabula ameniona naandika, naye anakusalimu ingawa hakujui.

Nilikuwa nimeshaifunga barua, nimeifungua tena. Ni kuhusu ile nta ya Ijumaa. Nilitaka nikwambie umzuie, kuni zinateketea bure. Usimzuie. Mwache ayeyushe, achuje, amimine. Mkebe ukijaa na ukaganda, ukwangue akiwa msikitini, uirudishe sufuriani, umwambie jirani ameleta nta mpya. Hataona. Akiuliza mbona inanuka samli kabla hajaitia, mwambie ni mikono yake.

Ni mimi mdogo wako,
Idi