Ubongo Umemkataa Teodora

Gladi, nimetoka kwenye ule utafiti wa hospitali. Nimelia mpaka stendi.

Wamenivalisha kofia ya nyaya, wananisomea majina, mashine inaonyesha ubongo ukishtuka.

"Teodora." Kimya. Mstari umelala. Jina langu la ubatizo hilo, Gladi, na mstari umelala kabisa.

"Mama Princess." Ukaruka.

Daktari anacheka, eti watu tunatofautiana, wengine ubongo unashika jina wanaloitwa kila siku.

Ilemela nzima inaniita hivyo. Okal, mume wangu wa ndoa, hajaniita Teodora tangu aniletee huyo mtoto wake wa nje nimlee.

Na Jumamosi mama mzazi wa Princess anakuja kumchukua. Anabeba mtoto, mimi naachiwa jina.

Na wewe najua umenisevu Mama Princess. Futa.