Sikukubali Ili Yaishe

Nyumba ya nyuma ya gereji ya matairi,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Pokea salamu zetu sote. Wewe na wifi hamjambo? Na lile goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Huku tu wazima. Mama anakula vizuri na anagombana na majirani, kwa hiyo afya anayo. Shemeji yako yupo, amenuna kidogo, na sababu utaipata humu humu.

Ujumbe wako niliupata. Ulisema nikiri kosa mahakamani, nilipe faini, yaishe. Mama alisema hivyo hivyo na shemeji yako akakazia. Nimewasikia wote, na nimekataa. Ukitaka kukasirika kasirika, ila kwanza soma mpaka mwisho.

Wewe ulisimuliwa nusu. Siku ile nilikuwa na mwanafunzi wangu, fundi cherehani, mtu mzima anayejifunza gari kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tunashuka ule mteremko wa hospitali taratibu, nikaona kwenye kioo lori linatujia kwa nyuma, honi mfululizo, breki hazishiki. Kushoto kuna mtaro, kulia magari yanapanda. Nikamwambia akanyage mafuta na asiangalie nyuma, nami nikashika usukani kwa mkono wangu. Tulikimbia mpaka barabara inapopanuka, nikalitupa gari pembeni, lori likapita. Ningefunga breki, leo ungekuwa unaandika barua ya rambirambi, na wa kukujibu ni Mama.

Trafiki alikuwa chini pale na kifaa chake cha kupimia mwendo. Fundi cherehani analia, anasema amekosa. Nikamwambia, "Kosa ni langu, wewe tulia." Sisi walimu wa udereva ndivyo tusemavyo. Mwanafunzi akizima gari njia panda, kosa ni langu. Akipanda ukingo wa barabara, kosa ni langu. Akishaingiwa na hofu hatashika usukani tena, kwa hiyo hofu yake unaibeba wewe. Basi trafiki akayaokota maneno hayo akaandika kwamba nimekiri. Mashtaka yakawa mawili, mwendo kasi na kuendesha kwa hatari.

Hilo la pili ndilo mlilolichukulia kama mzaha. Mwalimu akipatikana na hatia ya kuendesha kwa hatari anafutiwa leseni ya kufundisha. Ningelipa faini yenu nikalala, halafu asubuhi niamke niwe nani? Mtaani hata jina langu hawalijui, wananiita Mwalimu Breki. Sijui kazi nyingine na sitaki kuijua.

Nikatafuta wakili. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la viatu, viti viwili, mteja wa tatu anasimama. Alikuwa binti mdogo hata nikadhani ni karani, nikamwuliza mwenyewe yuko wapi. Hakununa. Alinivutia kiti akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo ninyi ndugu zangu hamkulifanya. Nililia pale, sikufichi.

Kesi ilikuwa Alhamisi. Kabla ya kuanza, mwendesha mashtaka alituita kando kwenye korido, akasema nikikiri nitapunguziwa adhabu. Shemeji yako akanifinya mkono. Nikajibu kwamba sina cha kukiri. Baada ya hapo mwenzangu alikwenda kukaa benchi la nyuma kabisa, kama vile hatujuani.

Wakili wangu alimwuliza trafiki kama aliliona lile lori. Akasema aliliona, lilipita kama mshale.

"Mbona hukulisimamisha?"

"Nilikuwa nashughulika na huyu mwalimu."

Watu walicheka mpaka hakimu akagonga meza. Kisha fundi cherehani akatoa ushahidi, ingawa mumewe alimkataza asijiingize. Alieleza lori, alieleza mtaro, na kuhusu maneno yangu alisema huwa ninamwambia hivyo kila somo, hata siku alipogonga pipa la takataka la shule. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yule mama hajui kurudi nyuma na gari, lakini kusimama na mwenzake anajua.

Shtaka la kuendesha kwa hatari limefutwa. La mwendo kasi nimepewa onyo. Nilitaka kuuliza onyo la nini, wakili akanikanyaga mguu, nikasema asante. Asante ile mpaka leo imenikwama kooni. Ijumaa nilirudi kazini.

Sasa Kaka, nitasema neno ambalo nyumbani kwetu halisemwi. Basi lako lilipopinduka, baba, Mungu amrehemu, alikuambia ukubali yaishe. Ukakubali, na hayakuisha. Walikunyang'anya leseni, ukahama, na leo wewe uliyenifundisha kushika usukani unawafungulia wengine geti waingize magari yao. Ushauri wako uliponifikia nilikasirika mno. Hasira haikuwa kwako, ilikuwa kwa wote tuliokuacha uiname peke yako.

Nimemweleza wakili. Amesema hukumu ya zamani ni kazi ngumu kuigusa na hakuniahidi kitu, lakini hawezi hata kuanza bila kukusikia mwenyewe.

Msalimie wifi, na mkumbatie kitinda mimba wenu kwa niaba yangu. Mama anasema Mungu akufunike na akurudishie kilicho chako.

Ukinijibu, ushauri uache huko huko. Baba alitukataza tusikuulize, tukatii miaka yote hiyo, na mimi nimechoka kutii. Ile siku ya basi, kaka yangu, ilikuwaje?

Dada yako akupendaye na asiyesikia la mtu,
Mwalimu Breki