Kiungio Kisichoingiza Maji

Jumatano, Mbinga.

Hakikuvuja. Kiungio cha mkongo wa mawasiliano nilichokichonga mwenyewe kimelala siku tatu kwenye ndoo ya maji ya ziwa na tope la ufukweni Ngumbo. Leo nimekifungua: kikavu, na mwanga unaobeba mawasiliano unapita.

Nilipiga kelele. Mama Komba, mwenye nyumba wangu, akaacha kuanika kahawa akaja mbio.

"Mwanangu, umefiwa?"

"Hapana, mama. Maji hayakuingia."

Akaitazama ndoo. "Pole, baba," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Nikampigia mke wangu aliyeko Tanga. Kabla sijaeleza lolote akauliza, "Unarudi lini?"

Nikasema sijui. Sikumwambia kwamba kiungio hiki kikifaa, wakubwa wangu kazini watanibakiza huku mpaka nibadilishe vyote vya ufukweni vinavyoingiza maji.

Na kimefaa.