Baiskeli ya Baba Mpaka Mikumi

Jumatano, 2 Julai

Nepi zimekauka nusu. Rehema kala uji, mwingine kaumwaga, kalala. Mchicha nimeuza wote gulioni Ulaya, Ulaya yetu hii ya Kilosa. Kurudi, mimi na baiskeli ya baba, upepo wa mbele njia nzima. Mama yuko ndani na eda ya baba, hatoki mpaka siku zake ziishe, basi ndiye ananishikia mtoto. Wa kunishikia mwingine sina. Baba yake Rehema yuko Dar, simu hapokei. Simwandiki tena humu.

Jumapili, 6 Julai

Arobaini ya baba. Kisomo kimeisha, pilau imeliwa, wazee wakakaa kugawa vitu. Shamba limegawanywa bila ugomvi. Ikabaki baiskeli. Baiskeli haikatwi mafungu.

Kaka Shabani kasema ni yake, ataiuza. Eti mwanamke na baiskeli ya kiume, yenye bomba juu, ni aibu. Yeye ana pikipiki! Mimi hiyo ndiyo miguu yangu. Ndiyo gulio langu, ndiyo kliniki ya Rehema. Nikasema hivyo hivyo mbele ya wote. Shabani akacheka, na wengine wakacheka naye. "Baba alikuwa anaifikisha Mikumi na magunia. Wewe mwisho wako Ulaya, kwenye tambarare."

Mdomo ukaniponza. "Nitaifikisha Mikumi kwa shangazi."

Baba mdogo, ndiye mkubwa wetu sasa, kasema: "Haya. Ukifika bila kupakiwa kwenye gari, ni yako. Usipofika, mpe kaka yako."

Imeshapita hivyo. Nina hasira. Siogopi.

Naogopa kidogo.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepanda kile kilima cha nyuma ya shule mara nne. Mara ya nne nilitaka kutapika. Breki ya nyuma imekufa tangu enzi za baba, unakanyagia tairi kwa ndala. Nimejifunza.

Jirani, Mama Asha, kanisimamisha njiani. Eti anayenyonyesha akipigwa na jua, maziwa yanachacha. Nikamwambia, dua yako mama, yakichacha nitauza mtindi. Hakucheka. Nimecheka peke yangu mpaka nyumbani.

Jumatatu, 14 Julai

Itakuwa Jumamosi. Shabani kasema atanifuata na pikipiki ahakikishe sipandi lori. Aje. Petroli ni yake.

Ijumaa, 18 Julai

Rehema ana mafua. Sikulala mchana, sikula vizuri. Mama kasema mafua hayaui, nenda. Kasema kwa ukali. Sijawahi kumsikia hivyo.

Jumapili, 20 Julai

Jana sikuandika. Vidole havikushika kalamu.

Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi. Rehema alilia mlangoni. Sikugeuka. Ningegeuka nisingeondoka. Mpaka Ulaya njia naijua. Baada ya hapo vilima. Kimoja, cha pili, nikaacha kuhesabu. Kilima kinaisha, unashukuru Mungu, kumbe nyuma yake yupo baba yake. Kushuka nako balaa, ndala kwenye tairi mpaka inanuka moto. Shabani nyuma yangu na honi yake: "Zuhura, lori hilo linakuja! Punga mkono tukapumzike!" Pumzi ya kumjibu ningeitoa wapi.

Kwenye saa tano kifua kilijaa, kinauma kama jipu, blauzi imelowa. Nikasimama. Nikamwambia, kaka, geuka uangalie porini, nakamua maziwa ya mpwa wako. Kageuka na helmeti yake kichwani. Mama kanifundisha maziwa ya mtoto hayamwagwi chini, sisimizi wakiyala kifua kinakauka. Basi nikayakamulia kwenye kanga, nikaifunga kwenye usukani ikauke. Nikalia. Nilimtaka mwanangu. Hapo kweli nilitaka kurudi. Kisha nikavikumbuka vile vicheko. Nikapanda.

Honi haikulia tena.

Milima mikubwa ilinishinda. Nikashuka, nikasukuma. Yote mikubwa nimesukuma.

Saa nane na nusu nikaingia Mikumi kwa shangazi, dada yake baba. Shikamoo haikutoka vizuri, imetoka kama kikohozi. Kabla hajaitikia, Shabani kawahi: "Shangazi, kasukuma! Kila mlima kasukuma. Haihesabiki."

Nikaona nimeshindwa. Maana ni kweli.

Shangazi akamtazama. "Marahaba, Zuhura. Na wewe Shabani, mtoto wa pikipiki. Baba yako kafika hapa na magunia miaka yote. Unadhani mlima ule aliupanda amekaa? Hakuna mwanamume wa Kilosa aliyeupanda amekaa. Mlima unasukumwa."

Kachukua simu, kampigia baba mdogo hapo hapo, kamweleza. Baba mdogo kacheka mpaka sote tukamsikia. Kasema: "Hata mimi nilisukuma. Ni ya Zuhura."

Shabani kala ugali wake. Nilipopata basi la kurudi ni yeye aliyeipandisha baiskeli juu ya keria, kaifunga kamba mwenyewe, akaivuta mara mbili kuona kama imekaza.

Nimeshinda. Naandika tena. Nimeshinda.

Jumatano, 23 Julai

Mapaja bado yanauma. Kuchuchumaa ni shida. Mafua ya Rehema yamepungua.

Asubuhi mama kaniita ndani, nikaenda na chai. Kauliza kule juu kabisa mtu anaona nini. Yeye Mikumi kaenda mara moja tu, kwa basi, katapika njia nzima, hakuona kitu. Nikamwuliza, kwani baba hakukuhadithia? Kasema hakuwahi kumwuliza. Alikuwa akirudi amechoka, anapewa maji ya kuoga, analala.

Basi nikamweleza. Bonde lote chini lina ukungu, na barabara inapotea humo halafu inatokea mbali, ndogo. Mavi ya tembo katikati ya njia, bado yanafuka. Jiwe nilipokaa kunywa maji.

Kasema labda baba naye alikuwa akikaa hapo. Kaniambia nisimulie tena pale pa jiwe. Nikarudia.