Matangazo Yasiyotupika

Sur, Jumatatu

Shangazi Fawziya,

Shikamoo. Sisi wazima, na mtihani wa fizikia nimepasi.

Sanduku letu la posta hujazwa matangazo ya maduka ambayo hatukuyaomba, na Bibi hataki yatupwe. Jana Baba aliinua moja. "Mama, hili tangazo la matairi tu!"

"Na mwenye duka nani? Si Abdallah? Utalitia jina la Allah jaani?"

"Basi Ijumaa nayatupa yote mwenyewe."

"Yatupe, na mimi nitafutie gari ya kwenda kwa Fawziya."

Tangu hapo hawasemezani. Nimeanza kuyakata majina kwa mkasi ili karatasi zitupike, lakini rundo limefika dirishani, na Bibi ameshafunga kanga zake. Baba anakusikiliza wewe, dada yake mkubwa. Nakuomba umpigie simu kabla ya Ijumaa, umwambie majina tutayazika pwani, kama mlivyokuwa mkifanya Unguja.

Jirani yetu Harub anakuja huko, atakuletea barua hii. Nimeiandika nyuma ya lile tangazo la matairi, na jina bado lipo, kwa hivyo ukishasoma usiitupe.

Mwanao,
Yaqeen